Mwalimu Nyerere: Mhariri wa Msasani aliyetaka habari zipite mlango mmoja

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 14, 1999, Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Kambarage Nyerere amefariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, jijini London. Redio na televisheni, za serikali na za watu binafsi, ziliidaka habari hiyo kila moja kwa njia yake, na kesho yake magazeti ya wamiliki mbalimbali yalikuwa yamejaa picha za Baba wa Taifa.

Wenye kumbukumbu nzuri huenda waliona jambo jingine siku ile. Rais aliyekuwa akitoa tangazo lile ndiye aliyekuwa mkurugenzi mwanzilishi wa Shirika la Habari Tanzania, Shihata, mwaka 1976. Shirika hilo liliundwa wakati wa utawala wa Mwalimu ili habari zote za nchi zikusanywe, zichujwe na kusambazwa kutoka mahali pamoja. Kufikia mwaka 1999 mlango huo mmoja ulikuwa umeshavunjika, na habari ya kifo cha aliyeujenga ilipita katika milango mingi.

Mengi yameandikwa kuhusu Mwalimu wa Azimio la Arusha, Mwalimu wa Muungano na Mwalimu wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Makala haya yanamtazama kwa upande usiozungumzwa sana. Ni Mwalimu aliyeanza na barua ya msomaji gazetini, akawa mhariri wa kijarida cha chama, akashitakiwa kwa alichokiandika, kisha akawa mwenye kauli ya mwisho juu ya karibu kila habari iliyochapwa au kutangazwa Tanzania Bara. Mwishoni akawa raia wa kawaida, akihitaji vyombo vya watu wengine ili asikike.

Barua kutoka Makerere

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, karibu na Musoma, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Tabora, na mwaka 1943 akajiunga na Chuo cha Makerere, Uganda.

Mwaka huohuo, akiwa kijana wa miaka 21, alituma barua katika gazeti la Tanganyika Standard. Alieleza humo mawazo yake kuhusu ujamaa wa Kiafrika na jinsi ubepari ulivyo mgeni katika maisha ya Mwafrika. Gazeti hilo, lililoanzishwa mwaka 1930, lilikuwa la Kiingereza na wasomaji wake wakubwa walikuwa walowezi, wafanyabiashara na maofisa wa serikali ya kikoloni. Kwa Mwafrika wa wakati ule, ukurasa wa barua ulikuwa moja ya milango michache aliyoweza kubisha hodi.

Hakuna aliyeweza kukisia kwamba miaka 27 baadaye kijana huyo huyo angelichukua gazeti lote na kuwa Mhariri Mkuu wake.

Karatasi za stensili

Baada ya masomo ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, Mwalimu alirejea nyumbani na kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954 TANU ilizaliwa, yeye akiwa rais wake. Mwaka uliofuata alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, na muda mfupi baadaye akaacha ualimu ili atumikie chama.

Chama kilikuwa na wanachama, kadi na mikutano, lakini hakikuwa na chombo cha habari. Redio ilikuwa chini ya serikali. Mambo Leo, jarida la Kiswahili lililosomwa sana tangu mwaka 1923, nalo lilikuwa la serikali. Mwaka 1957 serikali ilimpiga marufuku Mwalimu kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa, na hapo hata njia ya jukwaani ikafungwa.

Mwaka huo ndipo ilipotoka Sauti ya TANU. Hakikuwa gazeti kwa maana ya leo. Zilikuwa karatasi zilizopigwa taipu, zikazalishwa kwa stensili na kugawiwa matawini, ambako aliyejua kusoma aliwasomea wengine. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa mwandishi na mhariri wake.

Mwaka 1958 kijarida hicho kilimfikisha mahakamani. Katika toleo moja aliwashutumu mabwana shauri wawili kwa kutumia vibaya madaraka yao dhidi ya wanachama wa TANU, na serikali ikamfungulia mashitaka ya kashfa ya jinai. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili Mwingereza aliyewahi kumtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hata hivyo alipatikana na hatia na kuhukumiwa kulipa faini ya Sh 3,000 au kwenda jela miezi sita. Alilipa faini.

Wengine walilipa zaidi. Mwaka huohuo Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wahariri wa gazeti la Mwafrika, walifungwa jela kwa miezi sita kwa makosa ya uchochezi. Kizazi hiki cha wapigania uhuru kilijifunza mapema kwamba mwenye kushika kalamu na mashine ya uchapaji ameshika jambo zito. Kila mmoja alilitafsiri somo hilo kwa namna yake.

Kutoka kizimbani hadi meza ya mhariri

Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, TANU ilikwisha kuwa na gazeti lake la Kiswahili, Uhuru, lililoanza mwaka huo. Mwaka 1964 likafuata The Nationalist, la Kiingereza.

Januari 1964 ilileta funzo jingine. Askari wa Colito waliasi, na kwa muda wananchi hawakujua Rais yuko wapi. Mitaani uvumi ulizagaa, maduka yakaporwa. Mwalimu alipojitokeza siku iliyofuata, alizungumza na taifa kwa redio ili watu wajue kwamba serikali ingali ipo. Mwaka uliofuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilivunjwa, na redio ikawa idara ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Makao yake yalikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere.

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya magazeti yaliyompa Rais uwezo wa kulifungia gazeti pale atakapoona maslahi ya taifa yanadai hivyo. Mtu aliyepigwa faini kwa sheria za mkoloni sasa alikuwa na sheria kali mikononi mwake.

Kisha ikafika Februari 5, 1970, miaka mitatu kamili tangu Azimio la Arusha. Serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mikononi mwa kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Mwalimu akajitangaza kuwa Mhariri Mkuu, na kumteua Frene Ginwala, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, kuwa Mhariri Mtendaji.

Katika hati aliyoitoa siku hiyo, Mwalimu aliweka masharti ambayo hata leo yanastahili kusomwa. Gazeti lingeunga mkono ujamaa, lakini lingekuwa huru kukosoa utekelezaji wa sera na kumkosoa kiongozi yeyote anayekwenda kinyume. Mwalimu aliamini kuwa gazeti linaweza kuwa mali ya umma na bado likasema kweli mbele ya wakubwa.

Imani hiyo ilipimwa kabla ya miaka miwili kwisha. Julai 1971 Rais Jaafar Nimeiry wa Sudan aliponea chupuchupu kupinduliwa, akarejea madarakani na kuwanyonga viongozi wa chama cha kikomunisti. The Standard ilichapa tahariri kali ya kulaani unyongaji huo. Serikali ya Tanzania ilikuwa na uhusiano mzuri na Khartoum, na tahariri ile iliifedhehesha. Ginwala aliondolewa na kuondoka nchini. Baadaye, kuanzia mwaka 1994 hadi 2004, alikuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini huru. Alifariki mwaka 2023.

Aprili 1972 The Standard na The Nationalist ziliunganishwa kuwa Daily News. Mhariri wake akawa kijana Benjamin Mkapa, ambaye tangu mwaka 1966 alikuwa ameongoza The Nationalist. Mwaka 1974 Mkapa akaitwa Ikulu kuwa mwandishi wa habari wa Rais.

Msasani na mlango mmoja

Katika miaka hiyo Mwalimu aliishi Msasani, si Ikulu. Msasani ya zamani ilikuwa kijiji cha wavuvi pembezoni mwa jiji, na kuhamia huko kulikuwa ujumbe tosha kutoka kwa Rais asiyependa makuu. Magogoni pakabaki mahali pa kazi. Nyumba ya Msasani ikawa moja ya vituo vya siasa za Afrika, kwa maana wapigania uhuru, mawaziri, wanazuoni na wageni wa mataifa walifika hapo.

Lakini mwananchi wa Kinondoni au Temeke aliyetaka kujua kinachoendelea nchini alikuwa na njia chache. Mwaka 1976 zilipungua zaidi, na mambo matatu yalitokea.

Kwanza, Ngurumo, gazeti binafsi la Kiswahili la bei nafuu lililoanza mwaka 1959 na kupendwa sana na watu wa mijini, lilikufa. Pili, ilipitishwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyokusanya pamoja masharti ya usajili, kashfa na uchochezi. Tatu, ilianzishwa Shihata.

Utaratibu wa Shihata ulikuwa hivi. Waandishi wake walikuwa mikoani. Habari zilitumwa kwa simu na teleksi hadi makao makuu Dar es Salaam, zikahaririwa, kisha zikagawiwa kwa Radio Tanzania, Daily News na Uhuru. Habari za mashirika ya nje nazo zilitakiwa kupitia kwake kabla ya kumfikia msomaji. Kwa hiyo chumba kimoja cha habari ndicho kilichokuwa na madaraka ya kuamua Mtwara iseme nini na Bukoba isikie nini.

Haitakuwa haki kuuona mpango huo kama tamaa ya madaraka tu. Katika miaka hiyo Mtanzania alijua yaliyotokea Lusaka au Maputo kwa kupitia London au Paris, yakiwa yameandikwa kwa macho ya London au Paris. Nchi zisizofungamana na upande wowote zilikuwa zimeanza kubadilishana habari zenyewe, shirika la Tanjug la Yugoslavia likiwa mratibu, na mwaka 1979 nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilianzisha shirika la pamoja, PANA, lenye makao Dakar. Shihata ilikuwa sehemu ya vita hivyo vya kudai haki ya mnyonge kujieleza kwa kauli yake.

Faida na hasara

Mlango mmoja ulikuwa na nguvu kubwa pale ujumbe ulipotakiwa kutoka juu kwenda chini. Mfano bora ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12 takriban watu milioni mbili, katika vikundi vipatavyo 75,000, walikaa kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu cha kampeni, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Ni nchi chache maskini zilizowahi kufanya jambo kama hilo.

Mfano mwingine ni vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu alizungumza Novemba 2 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na sauti yake ikabebwa na Radio Tanzania hadi vijijini. Hotuba moja ililiandaa taifa kwa vita iliyofika Kampala Aprili 11, 1979.

Tatizo lilikuwa upande wa pili, yaani ujumbe wa kutoka chini kwenda juu. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima awe amehamia kijijini. Mamilioni walihamishwa, na katika maeneo mengi nyumba zilivunjwa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1974 na 1975 nchi ilikumbwa na ukame na uhaba wa chakula, serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje.

Katika hali hiyo, mwandishi wa mkoani alikuwa mtumishi wa umma kama alivyokuwa mkuu wa mkoa aliyesimamia uhamishaji. Takwimu za vijiji vilivyoanzishwa zilipanda juu kwa urahisi. Kilio cha mama aliyehamishwa na kuacha shamba lenye mahindi hakikuwa na njia rahisi ya kupanda. Magazeti yaliendelea kuchapa barua za wasomaji, na baadhi zilikuwa kali, lakini ukurasa wa barua ni dirisha dogo kwa nyumba kubwa kiasi hicho. Kijana wa Makerere wa mwaka 1943 angelijua hilo.

Midomo mingine ya wananchi nayo ilikuwa imefungwa. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972. Vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa mwaka 1976, mwaka uleule wa Shihata. Mwaka 1984, akikaribia kung'atuka, Mwalimu alikiri hadharani kwamba kuvunja vyombo hivyo viwili kulikuwa makosa. Ni viongozi wachache wa zama zake waliokuwa na ujasiri wa kukiri hivyo.

Vyombo vya habari havikuwemo katika orodha hiyo. Ukiyaweka matatu hayo pamoja, halmashauri, ushirika na gazeti huru, unaona kuwa vilikuwa na kazi moja ya kumfikishia mtawala sauti ambayo watumishi wake wasingependa aisikie.

Mzee asiye na gazeti

Novemba 5, 1985 Mwalimu alimkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, kisha akabaki mzee wa Butiama, akifikia Msasani kila alipokuwa Dar es Salaam.

Mambo yalibadilika haraka. Magazeti binafsi yalianza kuota mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1992 ulirejeshwa mfumo wa vyama vingi, ambao Mwalimu aliuunga mkono ingawa wananchi wengi waliohojiwa na Tume ya Jaji Nyalali walitaka chama kimoja kiendelee. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio na televisheni za binafsi, na mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza kurusha matangazo kutoka Mikocheni, jirani kabisa na Msasani.

Mwaka 1993 wabunge waliibua hoja ya kuanzisha serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Mwalimu aliipinga kwa nguvu zake zote, na akaandika kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akiwalaumu waziwazi viongozi wa juu wa serikali na chama alichokiasisi. Kitabu hicho kilichapishwa Harare, Zimbabwe. Mtu aliyewahi kuwa na kauli ya mwisho juu ya magazeti ya nchi nzima alitoa hoja yake kubwa ya uzeeni kwa mashine za nchi nyingine.

Machi 1995 aliketi na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, akazungumzia nyufa za taifa na sifa za Rais ajaye. Mbele yake walikuwapo vijana wa magazeti ambayo yeye, miaka 20 kabla, asingeyapa usajili. Ni wao waliobeba maneno yake hadi kwa wananchi, na mazungumzo yale yakawa na uzito mkubwa katika uchaguzi wa mwaka huo uliomwingiza Mkapa Ikulu.

Shihata ilifungwa Mkapa akiwa Rais. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliishi zaidi, hadi ilipofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Marais watatu waliomfuata Mwalimu waliikuta na kuiacha.

Tunachobaki nacho

Leo Msasani si kijiji tena. Mchuuzi wa samaki na ofisa wa benki wanasoma habari katika simu zao, zikiwa zimekusanywa kutoka pande zote za dunia na kupangwa mahali pamoja na kampuni ambazo hawajawahi kuziona. Humo humo hotuba za Mwalimu zinapita kila siku, zikisikilizwa na vijana waliozaliwa baada ya yeye kuzikwa Butiama.

Mjadala wa nani azikusanye habari na nani azichuje umerudi kwa sura mpya, na kila upande hupenda kumtaja Mwalimu. Wanaotaka udhibiti wanaikumbuka Shihata. Wanaotaka uhuru wanaikumbuka Sauti ya TANU na kesi ya mwaka 1958. Wote wana haki, kwa kuwa Mwalimu alikuwa yote mawili.

Lakini maisha yake yakitazamwa tangu mwanzo hadi mwisho yanafundisha jambo moja. Alipokuwa mnyonge, mwaka 1943, mwaka 1958 na tena mwaka 1995, alihitaji mlango ambao serikali haikuushika. Alipokuwa na nguvu aliufunga kwa nia njema, na nchi ikachelewa kusikia machungu yake yenyewe. Anayeshika ufunguo leo naye kesho huenda akasimama nje akibisha hodi.